Picha za Kabla ya Mkasi

Mkunga huyo alipewa jina zuri na wazazi wake, lakini tangu aanze kazi katika wodi ya wazazi hakuna aliyelitumia tena isipokuwa karani wa mishahara. Wengine wote walimwita Mama Sukuma. Ni sauti yake iliyompa jina. Mwanamke akifika ukingoni, amechoka, anasema hawezi tena, mwacheni afe zake, Mama Sukuma alimwinamia sikioni na kulitamka neno hilo moja kwa namna iliyotikisa vioo vya madirisha. Watu husema hata wagonjwa wa meno kule jengo la pili walijikuta wanasukuma, bila kujua wanasukuma nini.

Mumewe alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa amestaafu, mwembamba kama rula, na alizungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Hata mkewe alimwita Mwalimu. Watoto wao walikuwa wameshaota mbawa, kila mmoja na kwake, na nyumba ilikuwa imetulia kiasi kwamba bomba la jikoni likidondosha tone, wote wawili waligeuka kulitazama.

Katoni ya picha iliingia katika nyumba hiyo kwa sababu ya mtoto aliyetanguliza miguu. Bibi yake, mjane wa mtu aliyewahi kuwa na jumba la sinema, alishinda koridoni siku nzima akilia kwamba mjukuu hatoki. Mjukuu akatoka, tena na kelele zake. Wiki iliyofuata mjane akapiga hodi kwa Mama Sukuma na katoni kichwani.

"Jumba la marehemu siku hizi ni duka la vigae," alisema. "Lakini hizi alikuwa hamwonyeshi mtu. Hizi ni za macho yake mwenyewe. Mimi mwanamke wa sala siwezi kukaa nazo, na kuzitupa naona kama namtupa yeye. Aliziita picha za kabla ya mkasi."

"Mkasi gani?" Mama Sukuma aliuliza, maana mkasi aliokuwa akiujua yeye ni ule wa kukata kitovu.

Mjane akamweleza kama marehemu alivyokuwa akimweleza. Kwamba zamani sana, picha zilipoanza kusema kwa mdomo, kulikuwa na miaka michache ambapo watu wa Hollywood walipiga picha walivyotaka. Masharti yalikuwa yameandikwa, ila hakuna aliyeyasimamia. Majambazi walitajirika, wake za watu walitoroka na mabaharia, mizuka ilinyonya damu, na mabinti walivaa nguo nyepesi kama utando wa buibui. Kisha wakaja wenye mkasi, na kila kitu kikakatwa kikawa adabu.

Mama Sukuma alishukuru, akaisukuma katoni uvunguni. Angeisahau huko, kama isingekuwa Jumamosi moja ya mvua, yuko nyumbani, miguu imemvimba kama mikate baada ya zamu nzito. Alijaza beseni maji ya moto na chumvi, akazamisha miguu, akamwambia Mwalimu, "Hebu nitolee hiyo diski ya juujuu, niweke macho mahali."

Ilikuwa picha ya daktari mmoja mwenye nywele kama ufagio, anayeishi juu ya mlima na kuotesha mtu ndani ya pipa la kioo. Radi zikapiga, mitambo ikatoa cheche, moshi ukafuka, na kutoka ndani ya pipa likatambaa jitu jeupe, limelowa chapachapa, linatetemeka. Daktari akainua mikono juu akaanza kucheka.

"Mfunike!" Mama Sukuma alifoka.

Mwalimu, aliyekuwa akisinzia, alishtuka na kujifunika yeye.

"Mtazame! Anacheka! Mtoto kazaliwa sasa hivi, amelowa, ana baridi, hajafutwa hata pua, na yeye anacheka! Hajamsikiliza hata moyo!" Na jitu lilipoinuka, likamshika daktari shingo, Mama Sukuma aliegemea kiti na kushusha pumzi. "Haki yake. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo."

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa Jumamosi. Wakati wa alasiri pazia lilivutwa, mlango ukafungwa, beseni likajazwa. Mama Sukuma alitazama picha kama alivyozalisha, kwa mwili mzima. Binti akikwama dirishani huku popo wa mpira anamkaribia kwa uzi unaoonekana, alimpigia kelele asukume. Sokwe aliyekuwa mtu ndani ya manyoya alipogeuka na zipu ikaonekana mgongoni, alimhurumia kwa joto. Alimpenda kuliko wote mwanamke mmoja wa mjini, mwenye midomo myeusi na sauti ya usingizi, ambaye wanaume watatu walimwendea kwa zamu kumweleza maovu yake. Aliwasikiliza wote, akawasha sigara, akawaonyesha mlango, na picha ikaisha akiwa bado tajiri.

"Baada ya mkasi, mwanamke kama huyu ilibidi afe kabla ya mwisho," Mama Sukuma alimwambia mumewe. "Ama afe, ama aolewe na mchungaji."

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuzipenda picha hizo, ambayo hakumwambia mtu. Maisha yake yote alikuwa msikilizaji wa mayowe. Kila yowe wodini lilikuwa na uzito wake. Ilibidi apime, hili ni la kawaida, hili si la kawaida, hili kimbia ukamwite daktari. Mengine yaliishia kwa yeye kutoka koridoni na kutafuta maneno ya kumwambia mume aliyesimama na khanga ya mtoto mkononi. Mayowe ya Jumamosi hayakuwa na mzigo. Binti alipiga yowe, akazimia juu ya sofa, akaamka nywele ziko vilevile. Hapakuwa na ndugu wa kupelekewa habari.

Mwalimu mwanzoni alikaa naye kwa heshima tu, kitabu cha mafumbo ya hesabu mapajani. Lakini kitabu kilianza kuteleza. Siku ya mamba mkubwa aliyemeza mashua, Mwalimu alisimama ghafla.

"Haiwezekani! Alipokuwa mtoni alikuwa na urefu wa nyumba. Sasa kapita chini ya daraja!"

"Kajikunja," mkewe alimjibu.

"Mamba hajikunji!"

"Basi daraja limejikunjua. Kaa chini, unanizibia."

Tangu siku hiyo naye akawa mtu wa kuruka na kusihi. Sauti yake ndogo ilipata nguvu ambazo wanafunzi wake wa miaka yote hawakuwahi kuzisikia.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Mwalimu alikuwa na dada.

Dada huyu alikuwa mkubwa kwake, mjane, mnyoofu, mwenye pochi nyeusi aliyoifunga kwa mlio wa "tak!" kila alipomaliza kutoa hoja. Mama Sukuma alimwita wifi, na uwifi wao ulikuwa wa adabu tupu: walipeana salamu ndefu na kuachana haraka. Jumamosi moja Wifi alipitia na mfuko wa machungwa. Alipofika kizingitini, kabla hajabisha, alisikia yowe la mwanamke, refu, la kukata maini. Kisha sauti ya mdogo wake, ikisihi:

"Usimfunge! Tafadhali usimfunge, kamba zitamuumiza!"

Halafu Mama Sukuma: "Mwache amfunge! Nani alimwambia ashuke chumba cha chini peke yake?"

Kukasikika mlio wa kiboko, na mwanaume asiyejulikana akacheka.

Wifi aliyaweka machungwa chini polepole, kama mtu anayetega bomu, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Jioni Mwalimu aliyakuta machungwa mlangoni. Walidhani yameletwa na mzazi mmoja mwenye shukrani, wakayala, wakamwombea baraka.

Kumbe Wifi alikuwa ameshafika kwa fundi saa. Fundi Saa ndiye aliyewasimamia Mwalimu na Mama Sukuma siku ya ndoa yao, na kwa hiyo kesi zao zilikuwa zake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kioo cha kukuzia kilichomwachia duara la kudumu kwenye jicho moja, na sifa yake mtaani ni kwamba alitengeneza saa za watu wote na kuchelewa kila mahali.

"Ndugu yangu anateswa," Wifi alimwambia. "Mwanamke yule ana mikono kama ya mpiga kasia. Nilijua tangu harusini, alipokata keki kwa pigo moja."

"Mimi nilidhani ni furaha," alisema Fundi Saa.

"Jumamosi ijayo twende. Na usichelewe."

Alichelewa. Walifika alasiri imeshakolea, pazia limevutwa, na walipobisha kukawa na purukushani ndani: kitu kikazimwa, maji yakamwagika, mtu akasema "Funika! Funika!" Mlango ulipofunguliwa, Mama Sukuma alikuwa peku, miguu inachuruzika maji, na Mwalimu amesimama mbele ya meza ya kona iliyofunikwa shuka.

Walikaribishwa. Wakaketi. Salamu zikaenda, zikarudi, zikaisha. Wifi akafunga pochi, tak.

"Tumesikia kelele," alisema.

Mke na mume walitazamana. Walikuwa watu wazima, wenye wajukuu, wanaoheshimika. Mwalimu aliinamisha kichwa.

"Dada, sitakataa. Tulijua iko siku mtagundua."

"Ilianza lini?"

"Kwenye zile mvua. Mwanzoni mimi sikutaka. Nilikuwa nafumba macho. Mwenzangu ndiye aliyenizoesha. Lakini nisikudanganye, dada yangu, sasa Jumamosi ikikaribia nashindwa hata kula."

Wifi alishika mikono ya kiti. Fundi Saa alikohoa.

"Na kamba?" Wifi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kamba zipo, na minyororo. Inategemea. Wiki iliyopita alifungwa yule binti tu..."

"Binti!" Wifi alikuwa ameshasimama. "Mnamfunga binti wa watu humu ndani?"

"Binti wa daktari," Mwalimu alifafanua, akidhani anasaidia.

"Daktari gani?" Fundi Saa aliingilia. "Yule mwenye gari la buluu? Mbona juzi tu kaja kuchukua saa yake, hakuonekana kama mtu aliyepotelewa na mtoto!"

Mama Sukuma ndiye aliyeelewa kwanza. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamshinda. Alicheka mpaka akashikilia ukuta, akicheka anaonyesha shuka kwa kidole, hawezi kutoa neno. Mwishowe alilivuta shuka lenyewe, na pale mezani pakatokea televisheni, mashine yake, na katoni ya mjane.

"Wifi," alisema, akifuta macho kwa ukosi wa gauni, "keti. Keti uwaone mateka wetu."

Wifi hakutaka kuketi. Lakini kuondoka ilikuwa kumwacha mdogo wake na hicho kitu, na kubaki ilikuwa kukitazama. Alipata njia ya tatu. Alikigeuza kiti chake kikaelekea ukutani, kwenye picha ya harusi, akakaa, pochi mapajani, mgongo kwa televisheni.

"Endeleeni na upuuzi wenu," alisema. "Mimi nipo kwa ajili ya ndugu yangu."

Fundi Saa, kwa upande wake, alisogeza kigoda mpaka pua ikakaribia kioo.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya safari. Watu wa Ulaya wenye kofia ngumu walikuwa wakikata msitu kutafuta mji uliopotea, na kati yao msichana mmoja mwenye nywele za dhahabu. Kila mti aliopita ulibaki na kipande cha gauni lake. Mwalimu alitafsiri maneno, kwa kuwa Fundi Saa Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea saa tu. Simba walitokea wakikimbia kwenye uwanda wenye jua kali, ilhali watu waliokuwa wakiwakimbia walikuwa gizani msituni. Kisha akaruka chui milia.

"Huyu katoka wapi?" Fundi Saa aliuliza. "Si wa bara hili!"

"Labda naye ni mtalii," Mama Sukuma alimjibu.

Mabega ya Wifi yalitikisika kidogo, lakini uso ulibaki ukutani.

Wakafika kwenye mji uliopotea. Mawe yake, upepo ukivuma, yalipepea. Juu ya ngazi akasimama chifu: jibaba la mtu, mifupa shingoni, manyoya kichwani, amepakwa rangi mpaka kwenye kope. Nyuma yake watu wanaruka na kusema "ula-ula, bumba-bumba." Chifu akainua mkuki, akamwelekezea msichana, akanguruma.

Mpelelezi mkuu, kiongozi wa msafara, akawageukia wenzake, na Mwalimu akatafsiri: "Anasema, mungu wao wa moto amekasirika. Anataka damu ya msichana mwenye nywele za dhahabu."

"Hakusema hivyo," alisema Wifi.

Wote waligeuka. Yeye bado alikuwa akiutazama ukuta.

"Ninyi mnatazama, ndiyo maana hamsikii. Rudisha nyuma."

Mwalimu akarudisha. Chifu akainua mkuki tena, na safari hii walinyamaza kabisa. Sauti ilikuwa ya zamani, inakwaruza kama mchele kwenye ungo, na lafudhi ilikuwa ya kwao wapi sijui, ila maneno yalikuwa wazi kama ya jirani:

"Nani kachukua viatu vyangu? Nilivivua hapa, hapa hapa! Mchanga unaniunguza!"

Kisha Mama Sukuma akapiga yowe ambalo wodi nzima isingelisahau. Fundi Saa alianguka kutoka kwenye kigoda. Mwalimu, aliyekuwa hajawahi kucheka kwa sauti mbele ya dada yake tangu utotoni, alijipiga mapaja akirudia, "Mungu wa moto! Mungu wa moto kaiba viatu!" Wakairudisha tena, na tena, na kila mpelelezi alipogeuka na uso wake wa ukali kutafsiri, kicheko kilianza upya.

"Endeleza," Wifi aliamuru. "Tujue kama alivipata."

Hawakujua kama alivipata. Katika karamu ya kafara chifu alikunjua mikono mbele ya moto, akalia kwa sauti ya kutisha: "Wenyewe wamekaa kivulini na maji ya barafu! Sisi wametupaka masizi, kana kwamba Mungu alisahau kumaliza kazi!" Mpelelezi akawaambia wenzake kwamba wakikanyaga ngazi hizo watageuka mawe. Mama Sukuma sasa alikuwa ameketi sakafuni, hana nguvu.

Karibu na mwisho mlima ukaanza kutoa moshi. Kila mtu alikimbia huku na huko, mawe mepesi yakidunda vichwani mwa watu bila kuwaumiza. Chifu peke yake hakukimbia. Kamera ilimsogelea, uso wake ukajaa kioo kizima, na kwa mara ya kwanza hakunguruma. Aliongea kama anavyoongea mtu aliyesimama dirishani mwa gari linaloondoka.

"Kama yupo wa kwetu anayenisikia, anisalimie mama. Amwambie sijafa. Nimepotea njia tu. Nakula, nalala, na meli nyingine ikipatikana nitarudi."

Mpelelezi alivua kofia. Mwalimu alitafsiri kwa mazoea: "Anasema sote tutakufa kabla jua halijachomoza."

Hakuna aliyecheka. Hakuna pia aliyekuwa ameona Wifi alikigeuza kiti wakati gani, lakini alikuwa amekigeuza, na uso wake ulikuwa mbele ya kioo kama wao.

"Salamu zimefika, mwanangu," alisema.

Volkano ikamwaga uji wake, mji ukaporomoka, wazungu wawili wakabusiana juu ya mtumbwi. Majina yakapanda: mpelelezi, msichana, mtu wa taa, hata mfuga chui. Waliyasoma yote mpaka kioo kikawa cheusi. Jina la chifu halikuwemo.

Mama Sukuma aliwaza kwamba mahali fulani, mwanamke kama yeye alimpokea mtu huyo, akamfuta pua, akamwambia mama yake ni wa kiume. Mtoto hawezi kutoka wodini bila kibandiko cha jina mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa mkali sana kwa hilo. Kando yake Mwalimu alikuwa ameanza kuchezesha midomo, anajumlisha miaka, kama mama yule angekuwa hai leo angekuwa na... Mkewe alimwekea mkono gotini.

"Usihesabu," alimwambia.

"Nashangaa tu hawakuyakata maneno yale," alisema Fundi Saa baadaye, wakinywa chai.

"Nani angeyakata?" Mama Sukuma alisema. "Wenye mkasi hawakujua Kiswahili."

Kesho yake, kwenye ibada, Wifi alisimama kati ya wenye maombi na kuomba akumbukwe marehemu mmoja, jamaa yao wa mbali, aliyepotelea ughaibuni. Alipoulizwa jina alisita kidogo, kisha akasema, "Mjomba Viatu." Watu wakamwombea Mjomba Viatu, na bibi mmoja mwenye moyo mwepesi akalia kabisa.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kuliko wote, amebeba mto wake wa kukalia. Hakutoa maelezo, nao hawakumdai. Kazi ilikuwa kumtafuta Mjomba katika katoni yote, na ilibidi, kwa bahati mbaya kama alivyosema mwenyewe, watazame kila picha mpaka mwisho. Walimtafuta kwa maharamia, kwa wanyonya damu, kwa mji wa wanawake watupu ulio chini ya bahari. Mara moja tu walimpata, kwenye kasri la sultani fulani wa kubuniwa, kasimama nyuma ya kiti cha enzi na pepeo kubwa la manyoya. Hakupewa neno hata moja. Lakini alikuwa na viatu, vya ncha zilizopinda juu, na kila mtu chumbani alishangilia kama timu imefunga bao. Wifi alitaka warudishe wamtazame tena. Walirudisha mpaka diski ikaanza kulalamika.

Pamoja na hayo, Wifi hakuacha kanuni zake. Alijitwika cheo. Aliweka sinia la bati kando ya mto wake, na binti yeyote akianza kufungua vifungo, au mabusu yakizidi alichokiona kuwa cha salamu, aliinuka, akalisimamisha sinia mbele ya kioo mpaka hatari ipite. Mwalimu na Fundi Saa walisubiri kwa adabu, wakisikiliza muziki. Mama Sukuma tu ndiye aliyegundua kwamba mshika sinia husimama pembeni ya sinia, na kwamba shingo ya Wifi huwa imepinda.

"Bado?" Fundi Saa alikuwa akiuliza.

"Bado," Wifi alijibu bila kupepesa. "Ni mambo mabaya sana haya."

Wakaendelea hivyo miezi. Wodini watu waliona kwamba Mama Sukuma amepata wifi. Walionekana wakipita sokoni mkono kwa mkono, wakigombana kwa sauti kama sokwe anaweza kupenda. Kwa wenye ndoa changa Fundi Saa alijisifu alivyoimaliza kesi ile, na hakutaja hata siku moja kwamba hapakuwa na kesi.

Kisha ikaja Jumamosi ya bibi mwenye jumba jeusi. Alikuwa mwanamke mzuri wa kutisha, ameolewa mara tatu, na waume wote watatu walipotea humo humo ndani. Mume wa nne alikuwa ndio kwanza ameshusha masanduku. Mbwa akabweka. Yule bibi akachukua taa, akaanza kupanda ngazi kuelekea darini, gauni la kulalia linaburuta nyuma yake, mume anamfuata kwa kunyata, mkono ukafika kwenye kitasa, na umeme ukakatika.

Chumba kizima kiliguna. Pazia lilikuwa zito, giza likawa la kisawasawa. Mwalimu alipapasa kibiriti, hakukipata. Fundi Saa alisema basi, wataijua wiki ijayo, ila hatalala.

"Hafungui," ilisema sauti ya Wifi gizani.

"Nani?"

"Yule mke. Haingii darini. Anajua anafuatwa, anateremkia ngazi za nyuma mpaka bustanini, kwenye kisima. Kule ndiko waliko. Mbwa ndiye anayejua, ndiyo maana hula kwa mtumishi, hali kwa bibi. Tena mtumishi mwenyewe si mtumishi. Ni mume wa kwanza."

Pochi ikasikika: tak.

"Dada," alisema Mwalimu taratibu, "umejuaje?"

"Nimehisi tu. Mtu mzima huhisi."

"Na mbwa umemhisi?"

Mama Sukuma alikumbuka kwamba wiki ile nzima katoni ilikuwa na upungufu wa diski moja, hii iliyoonekana tena leo, naye alidhani kaiweka vibaya. Alikumbuka pia kwamba mashine ya kuchezea diski iliyokuwa kwa wifi yake, zawadi ya mtoto wake wa kwanza, miaka yote ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwamba juzi alipopita pale kitambaa kilikuwa juu ya kiti. Angeweza kulisema. Maneno yalikuwa ulimini, matamu kama sukari guru. Akayameza.

"Endelea, wifi," alisema. "Kisimani ikawaje?"

Wifi akasogeza mto wake karibu. Akaanza kwa mbali, kwa tahadhari, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyolowa. Lakini alipofika kisimani sauti ilimpanda. Akafanya sauti ya bibi, nzito na ya usingizi; akafanya ya mume, ya puani; akabweka. Alimpeleka yule bibi chumbani akabadilishe gauni lenye tope, na gauni hilo akalivua kifungo kwa kifungo, hakukiruka hata kimoja, na Fundi Saa alisahau kupumua.

Mume wa nne alikuwa ameshaona pete tatu ndani ya ndoo pale umeme uliporudi. Taa iliwamulika wote wanne, wamekaribiana kama vifaranga, midomo wazi. Fundi Saa akajiinua kuiwasha televisheni.

Mama Sukuma alimvuta shati kwa ule mkono wake wa mpiga kasia.

"Rudi ukae, shemeji," alimwambia. "Na hiyo taa izime."